Spishi Mpya Huzaliwa Kabatini

Mwaka 2019, katika misitu ya hifadhi ya vijiji ya Boma la Mzinga na Uluti, kwenye milima ya Udzungwa nchini Tanzania, wajuzi wa mimea walisimama chini ya mti ambao hawakuweza kuupa jina. Walikuwa Aloyce na Ruben Mwakisoma wa kijiji cha Mang'ula, pamoja na Andrea Bianchi kutoka Italia. Mti wenyewe si wa kujificha: hufikia kimo cha mita 40, na makadirio yaliyofanywa baadaye yalionyesha kwamba baadhi ya miti ya aina hiyo huenda imeishi kati ya miaka 2,000 na 3,000. Jina lake la kisayansi, Tessmannia princeps, lilichapishwa mwaka 2025.

Habari zilipotoka, karibu wote walioziandika walishika umri wa mti, na si ajabu, kwa kuwa mti uliokuwapo kabla ya Kilwa kuwa mji ni jambo la kusimuliwa. Mimi nilivutiwa zaidi na ile miaka sita iliyopita kati ya siku mti ulipoonekana na siku ulipopata jina. Msomaji wa kawaida akiiona huidhania kuwa ni uzembe wa ofisini, au foleni ya jarida fulani, ilhali humo ndimo ugunduzi wenyewe ulimofanyika. Kule msituni kilichopatikana ni swali tu, nalo lilikuja kujibiwa mbele ya kabati la sampuli kavu. Kwa kuwa tumezoea kusema kwamba spishi mpya "imegunduliwa msituni", tumezoea pia kuitafutia fedha safari ya msituni na kulisahau kabati, na hilo ni kosa linalotugharimu.

Tuanze na kazi yenyewe inavyofanywa. Anayekusanya mmea hukata tawi lenye majani, maua na, akibahatika, matunda. Hulibana kati ya kurasa za magazeti na kulikausha, au, ikiwa msitu una unyevu mwingi na safari ni ndefu, hulilowanisha kwanza kwa spiriti ili lisioze kabla halijafika mjini. Katika daftari lake huandika yale ambayo tawi likishakauka halitaweza kuyasema: rangi ya ua, harufu yake, utomvu unaotoka ukikwangua gome, kimo cha mti, mwinuko wa mahali kutoka usawa wa bahari na miti iliyoota jirani. Kwa kawaida hukata matawi kadhaa kutoka mti uleule ili zipatikane nakala za kugawanywa kwenye ghala mbalimbali za mimea kavu, ambazo wataalamu huziita hebaria. Kazi hii hudai subira, kwa sababu uainishaji wa mimea itoayo maua umejengwa juu ya ua, na mti wa mita 40 huweza kuchanua juu kabisa, kwa siku chache, katika msimu ambao mtafiti hayupo. Mtu anaweza kuurudia mti mara tatu na kukuta majani matupu.

Baada ya hapo tawi hupelekwa kabatini, na ndipo neno "mpya" linapoanza kutafuta maana. Ili mtu aseme kwa haki kwamba mmea fulani ni mpya, hana budi kuijua yote ambayo si mipya. Jenasi ya Tessmannia ina spishi zaidi ya kumi, zote za Afrika, na mtafiti alilazimika kulilinganisha tawi la Udzungwa na kila moja ya hizo: idadi ya vijani vinavyounda jani moja, jinsi vilivyopangika kwenye kikonyo, manyoya yanayoifunika ovari, ngozi ya tunda. Tofauti moja haitoshi, maana huenda ni tofauti ya mti mmoja na jirani yake, kama watoto wa baba mmoja wanavyotofautiana kimo. Tofauti kadhaa zinazotembea pamoja, katika miti mingi, ndizo humpa mwainishaji ujasiri wa kuandika.

Anapoandika, husalimisha kitu kimoja ambacho si maneno. Huchagua sampuli moja, moja tu, na kutangaza kwamba jina limefungwa kwayo. Tuiite sampuli kielelezo. Tangu mwaka 1958 kanuni za kimataifa haziutambui uhalali wa jina jipya la spishi lisilo na sampuli ya namna hiyo, na tangu mwaka 1990 ni sharti hebaria inakotunzwa itajwe pia. Sampuli kielelezo si lazima iwe nzuri kuliko nyingine, wala si lazima iwakilishe wastani wa spishi yake. Ni kama kigingi ambacho kamba ya jina imefungwa. Miaka 100 baadaye, mtu yeyote mwenye shaka ana haki ya kulifungua kabati, kuitazama na kusema kwamba aliyeiandika alikosea.

Sasa, kigingi kiko wapi? Mwaka 2010 timu ya watafiti ilichapisha uchunguzi wa muda unaopita kati ya siku mmea unapokusanywa na siku unapotambuliwa kuwa spishi mpya. Walikuta kwamba ni asilimia 16 tu ya spishi zilizopewa jina ndani ya miaka mitano baada ya kukusanywa, na kwamba karibu robo zilikuwa zimengoja zaidi ya miaka 50. Walikadiria pia kwamba, kati ya takriban spishi 70,000 za mimea itoayo maua ambazo wakati huo zilidhaniwa kuwa bado hazijaelezwa, zaidi ya nusu zilikuwa zimeshakusanywa. Zimo kabatini. Zimepewa jina la jirani yao kwa makosa, au zimeandikiwa jina la jenasi peke yake na alama ya kuuliza, zikimsubiri mtu mwenye jicho. Kwa kipimo hicho, miaka sita ya Tessmannia princeps ilikuwa mbio.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake. Mwaka 1952 ilianza kuchapishwa, chini ya usimamizi wa bustani ya Kew nchini Uingereza, kazi kubwa ya kuandika mimea yote ya porini ya Kenya, Uganda na Tanzania. Waliodhani ingekwisha kwa haraka walikosea: sehemu ya mwisho ilitoka mwaka 2012, miaka 60 baadaye, ikiwa na spishi 12,104. Katika safari hiyo zilielezwa spishi mpya zipatazo 1,500, na nyingi hazikutokana na safari mpya za msituni bali na mtu aliyeketi na rundo la sampuli za zamani, akazipanga upya mezani na kuona kwamba kinachoitwa spishi moja ni mbili. (Mipaka ya kazi hiyo, niseme kwa kupita, ilifuata mipaka ya utawala wa Kiingereza. Rwanda, Burundi na Kongo ziliandikwa Ubelgiji, katika mfululizo mwingine na kwa Kifaransa, kana kwamba mbegu husimama mpakani kuonyesha pasi.)

Kabati, kwa upande wake, huweza kuungua. Sampuli nyingi zilizokusanywa Tanganyika wakati wa Wajerumani zilipelekwa Berlin, ambako Adolf Engler na wenzake walizipa majina mamia kwa mamia. Mwezi Machi mwaka 1943 mabomu yaliiangukia hebaria ya Berlin, na sehemu kubwa ya hazina ile ikawa majivu, pamoja na vielelezo vya mimea ya Usambara, Uluguru na Kilimanjaro. Majina yalibaki vitabuni bila kigingi. Tangu hapo kila anayeshughulikia mimea ya Tanzania hutumia sehemu ya maisha yake kutafuta kama aliyekusanya alibakiza nakala mahali pengine, na kama hakubakiza, kuchagua sampuli nyingine ya kushika nafasi ya iliyoteketea. Ninapowasikia watu wakisema kwamba vielelezo vyetu viko salama zaidi Ulaya, huukumbuka usiku ule. Usalama wa sampuli hautokani na bara ilipo. Hutokana na wingi wa nakala zake na mahali tofauti zilipowekwa.

Nasi hatukuanza jana. Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti Amani, katika Usambara Mashariki, mwaka 1902, na mkusanyo wa mimea ulioanzia hapo ndio uliohamishiwa Nairobi katikati ya karne iliyopita na kuwa msingi wa Hebaria ya Afrika Mashariki, ambayo leo iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Tanzania ina hebaria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Arusha na Lushoto. Uganda inayo Makerere. Majengo yapo na sampuli zipo. Waliopungua ni watu wa kuzisoma, na hapa methali ya kwamba penye miti hapana wajenzi inasadifu kuliko kawaida yake.

Upungufu huo una sababu zinazoeleweka. Mtaalamu wa uainishaji huhitaji miaka kumi au zaidi kuizoea familia moja ya mimea, na makala yake, hata ikiwa bora, husomwa na watu wachache na kunukuliwa mara chache, kwa sababu wanaotumia jina alilotoa hawana desturi ya kumtaja aliyelitoa. Vyuo vikuu vinavyompima mhadhiri kwa hesabu ya kunukuliwa vinamwambia kijana, bila kutamka neno, aende kufanya kitu kingine. Kijana naye si mjinga. Huenda kwenye miradi ya tabianchi au ya afya, ambako kuna posho na gari, na kabati hubaki na mzee mmoja anayekaribia kustaafu.

Kuna wanaosema kwamba mashine za kusoma DNA zitaliondoa tatizo hili: kata kipande cha jani, tia kwenye mashine, pata jina. Sioni iwezekanaje. DNA imetufunza mengi kuhusu undugu wa mimea, na mengine yamewashangaza hata wataalamu. Mbuyu, kwa mfano, zamani ulikuwa na familia yake pamoja na msufi, na sasa uko katika familia moja na bamia, pamba na kakao. Lakini mashine inapokuambia kwamba kipande chako hakifanani na chochote kilichomo katika hifadhidata, haijakuambia kwamba ni spishi mpya. Imekuambia kwamba hakuna aliyewahi kukiweka humo. Huenda jina lake lilitolewa mwaka 1895 na kielelezo chake kiko kabatini, bado hakijachukuliwa hata chembe ya DNA. Kulijua hilo kunahitaji mtu aliyeufungua mlango wa kabati.

Ubishi wa spishi mpya unaonekana vizuri zaidi pale jina linapoanguka. Mwaka 2012 timu iliyoongozwa na John Pettigrew wa Australia ilitangaza kwamba mbuyu wa Afrika bara si spishi moja bali mbili. Walisema kwamba katika miinuko, Tanzania ikiwamo, kuna mbuyu wenye maua madogo zaidi na idadi ya kromosomu iliyo nusu ya ile ya mbuyu wa kawaida, wakauita Adansonia kilima. Jina zuri, la Kiswahili kabisa, lililotolewa katika jarida la heshima. Mwaka 2016 watafiti wa Afrika Kusini walirudia hesabu: walihesabu kromosomu, wakapima maua na chavua za mibuyu ya mahali mbalimbali, na hawakuona ule mpaka uliodaiwa. Adansonia kilima ikawa kisawe cha Adansonia digitata, yaani jina la pili la kitu kilekile, nalo limekaa hapo kwenye orodha ya visawe.

Wapo walioona aibu katika jambo hilo. Mimi naona ndivyo mambo yanavyopaswa kwenda. Jina la spishi ni dai, na dai la kisayansi hupata thamani yake kwa kuwa mwingine anaweza kulikagua. Pettigrew na wenzake waliweka kigingi na vipimo hadharani, ndiyo maana wengine waliweza kuwapinga kwa vipimo. Shida ni kwamba serikali, wafadhili na waandishi wa habari hulichukua jina jipya kama cheti cha kuzaliwa, kitu kisichobadilika, na hujenga juu yake mambo mazito.

Chukua ua la Usambara ambalo Wajerumani huliita urujuani wa Usambara, na ambalo leo huuzwa kwenye vyungu vidogo madirishani kote Ulaya na Marekani. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani katika eneo hilo, alilikusanya mwaka 1892 na kumpelekea baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, akaliita Saintpaulia ionantha na kuanzisha jenasi nzima kwa heshima ya ukoo huo. Katika karne ya 20 spishi ziliongezeka hadi zikafika kama 20, karibu kila bonde la mto na kila jabali lenye kivuli likiwa na yake. Kisha upepo ukageuka. Uchunguzi wa DNA ulionyesha kwamba nyingi kati ya hizo zimekaribiana mno, na mwaka 2006 zilipunguzwa kuwa sita, nyingine zikishushwa cheo kuwa nususpishi. Mwaka 2015 jenasi yenyewe iliingizwa ndani ya Streptocarpus, na jina la Saint Paul-Illaire likatoka kwenye safu ya jenasi.

Kwa mtu wa bustani hayo ni usumbufu wa kubadili vibao. Kwa msitu mdogo wa Usambara ni jambo jingine, kwa sababu msitu ulio na "spishi isiyopatikana popote duniani" huombewa fedha kwa urahisi kuliko msitu wenye nususpishi, ingawa mimea iliyomo ni ileile na hatari inayoikabili ni ileile. Nakubaliana na wale waliozipunguza spishi hizo, kwa kuwa ushahidi wao ni mzito. Lakini ni hatari kuachia fomu za wafadhili kuamua kwa cheo cha mmea kama msitu uishi au usiishi.

Hata hivyo jina lina nguvu pia ya upande wa pili, na haifai kuidharau. Bonde la Kihansi, kusini mwa Udzungwa, lilijulikana duniani kwa sababu ya chura mdogo aliyepewa jina la kisayansi wakati bwawa la umeme linajengwa, na kwa sababu alikuwa na jina, maji ya maporomoko yale yakawa suala la mikutano na mashauri. Mimea ya bonde hilohilo haikupata makelele kama hayo, ingawa mwaka 2004 wataalamu wa mimea Davis na Mvungi walieleza kutoka humo spishi ya kahawa ya porini, Coffea kihansiensis. Kahawa zote za porini zilizojulikana hadi mwaka 2019 zilikuwa spishi 124, na asilimia 60 kati yake zilihesabiwa kuwa hatarini kutoweka. Mkulima wa kahawa wa Mbinga au Bukoba hana sababu ya kuijua Coffea kihansiensis leo. Wajukuu wake huenda wakawa nayo, ikiwa chembe zake za kustahimili ugonjwa au joto zitahitajika, na kitu kisicho na jina hakiombewi hifadhi wala hakitafutwi.

Nimesema kwamba jina la Adansonia kilima lilikuwa zuri, na hapo kuna jambo ambalo wasomaji wa Kiswahili hawana budi kulijua. Kanuni za kimataifa huruhusu jina la pili la mmea litoke katika lugha yoyote duniani, mradi livalishwe umbo la Kilatini. Maelezo rasmi ya spishi, kwa upande mwingine, yalilazimika kuwa kwa Kilatini tangu mwaka 1935, na kuanzia tarehe 1 Januari 2012 yanaweza kuwa kwa Kilatini au kwa Kiingereza. Lugha nyingine yoyote haihesabiwi. Kanuni hizo, lakini, hazimkatazi mtu kuongeza aya ya Kiswahili chini ya ile ya Kiingereza, inayomweleza mlinzi wa hifadhi ya kijiji aone nini kwenye jani na ua ili ajue kwamba mti huu ndio ule. Aya hiyo ni kazi ya nusu siku. Ningependa kuona wahariri wa majarida wakiidai kwa kila spishi mpya inayotoka katika misitu yetu, kwa maana waliopewa ulinzi wa Boma la Mzinga na Uluti ni wanakijiji, si wasomaji wa majarida ya Ulaya.

Historia ya majina yenyewe haituachi nje. Mwaka 1882 Joseph Hooker wa Kew alipokea kutoka kwa John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, ua jekundu la kupendeza, akaliita Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Likapendwa bustanini kote. Baadaye ikatambuliwa kwamba Hooker huyohuyo alikuwa ameshaupa mmea huo jina mwaka 1868, Impatiens walleriana, kwa heshima ya mmisionari Horace Waller, na kwa kuwa kanuni husema jina la kwanza ndilo linaloshinda, Sultani alishushwa na mmisionari akapandishwa. Hapakuwa na siasa katika hukumu hiyo. Tarehe zilitazamwa, basi.

Siasa zilikuwapo mahali pengine. Mgunga, mti ambao kivuli chake kimekuwa nembo ya mbuga za Afrika, ulikuwa Acacia, na kielelezo cha jenasi hiyo kilikuwa mti wa Afrika. Wataalamu walipokubaliana kwamba jenasi hiyo ni kubwa mno na lazima igawanywe, Waaustralia, wenye spishi zipatazo 1,000, waliomba jina libaki kwao, na kamati ikapendekeza wakubaliwe. Katika mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa mimea uliofanyika Vienna mwaka 2005, takriban asilimia 55 ya kura zilipinga pendekezo hilo. Lakini zilihitajika asilimia 60 kulipindua, kwa hiyo likapita, na mkutano wa Melbourne mwaka 2011 haukulibadili. Migunga yetu sasa ni Vachellia na Senegalia. Naelewa hoja ya wingi wa spishi, na sidhani mgunga umepungukiwa kivuli. Ila kura katika mikutano hiyo hupigwa na watu waliohudhuria pamoja na taasisi zenye hebaria, ambazo hupewa kati ya kura moja na saba kila moja, na bara lenye hebaria chache zenye watu wachache huingia ukumbini likiwa na mkono mfupi.

Miaka 13 baadaye, mjini Madrid, mkono huo ulionekana kurefuka kidogo. Kwa kura 351 dhidi ya 205, mwezi Julai 2024, iliamuliwa kwamba majina yote ya mimea yenye neno caffra na ndugu zake yasomeke affra. Neno lile lilitokana na kafiri, na kusini mwa Afrika liligeuka kuwa tusi la kibaguzi. Zaidi ya majina 200 yaliguswa, likiwamo la mng'ongo tunaoufahamu Tanzania. Pendekezo lilitoka kwa Gideon Smith na Estrela Figueiredo wa Afrika Kusini, watu waliozijua kanuni kiasi cha kupata njia ya kubadilisha bila kuvuruga: herufi moja tu imeondolewa, tarehe na waandishi wa majina wamebaki walewale.

Siku hizi wajuzi wetu huheshimiwa kwa kupewa majina ya miti. Mischogyne iddii ya Usambara, iliyochapishwa mwaka 2019, imetajwa kwa Iddi Rajabu. Uvariodendron mbagoi ya mwaka 2021 kwa Frank Mbago, aliyeitunza hebaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wamestahili, na nisingependa heshima hiyo ikome. Hata hivyo kuna tofauti kati ya jina linalofuata la jenasi na lile linalofuata spishi, yaani la mwandishi aliyelitoa; la kwanza hutolewa na wengine kama shukrani, la pili mtu hulipata kwa kuketi mezani na kuandika. Jicho linaloutambua mti kwa gome huko Mang'ula ni lilelile linalohitajika mbele ya kabati. Kinacholitenganisha na kalamu ni ajira ya kudumu ya mtunza hebaria, hadubini, ada ya miaka michache ya masomo, na chuo kilicho tayari kuhesabu ufafanuzi wa spishi moja kuwa kazi kamili ya kitaaluma. Gharama ya yote hayo kwa mwaka hailingani na ya safari moja kubwa ya kitafiti yenye magari manne.

Mti uitwao Karomia gigas ulikusanywa pwani ya Kenya mwaka 1977, na mti huo ukaja kukatwa. Jina lilitolewa mwaka 1988. Mwaka 1993 ukaonekana upande wa Kilwa, ukapotea tena kwa wataalamu hata ukadhaniwa kuwa umetoweka, hadi timu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilipoipata miti michache mwaka 2011. Aliyeueleza alikuwa na majani na matunda. Mbegu zilipelekwa katika bustani ya mimea ya Missouri, mjini St. Louis, zikaota kwa taabu, na mche mmoja ukachanua ndani ya nyumba ya vioo, ukawapa watunzaji wake ua ambalo hakuna mwanasayansi aliyekuwa ameliandika. Misitu ya Kilwa ilikuwa imelitoa ua hilo msimu baada ya msimu, na hapakuwa na mtu aliyelipwa kwenda kuketi chini ya mti kulisubiri.